Draiva ya hifadhi ndani ya butiloda: ya kuhamisha kutoka Linux au ya kuandika upya? Ulinganisho kwa mkaguzi

Kidhibiti cha hifadhi ni kilekile, bodi ni ileile, ila viraka (mabadiliko ya msimbo yanayosubiri kukaguliwa) vimeletwa viwili. Cha kwanza kimebeba draiva nzima ya Linux, kimepunguza huku na kule, kisha kimeishonea kwenye U-Boot, butiloda (programu inayowasha mfumo) ya bodi hii. Cha pili kimeandikwa mwanzo hadi mwisho kwa ajili ya butiloda: hakina foleni ya maombi, hakina ukatizo (ishara ya kifaa ya kuita prosesa), kinasoma bloku, kinarudisha jibu, basi. Vyote viwili vinafikisha kerneli (kiini cha mfumo endeshi) kwenye kumbukumbu na mfumo unawaka. Kwa hiyo kuuliza kama kinafanya kazi hakumsaidii mkaguzi hata kidogo, maana jibu ni ndiyo mara mbili.

Msimamo wangu nautaja mapema kwa ajili ya mwenye haraka. Kidhibiti kikifuata kiwango kinachojulikana, yaani SDHCI (kadi za SD na eMMC, flashi iliyogandishwa kwenye bodi), AHCI (diski za SATA) au NVMe (diski za PCIe), kataa vyote viwili kwa upole na uombe kiraka kifupi kinachoegemea msimbo wa pamoja ambao tayari umo. Kikiwa cha kipekee, chukua kilichoandikwa upya, huku draiva ya Linux ikiwa wazi pembeni kama kitabu cha rejista (sehemu za kidhibiti zinazoandikwa amri na kusomwa hali). Kuhamisha nakukubali bila ubishi sehemu moja tu, nayo ni NAND ghafi, yaani chipu ya flashi isiyo na kidhibiti chake cha ndani. Sababu zinafuata, na hazina uzito sawa.

| Jambo | Iliyohamishwa kutoka Linux | Iliyoandikwa upya |
|---|---|---|
| Ukubwa | Mkubwa, na sehemu yake haifikiwi kamwe | Mdogo, husomeka kwa kikao kimoja |
| Kasoro za chipu | Nyingi zimeshashughulikiwa | Zile tu alizokutana nazo mwandishi |
| Kashe (kumbukumbu ya kasi ya prosesa) na DMA (kifaa kugusa kumbukumbu chenyewe) | Majina yaleyale, ahadi tofauti | Iko wazi. Hata ikisahauliwa huonekana |
| Kusubiri | Kulitegemea ukatizo na saa ya kerneli | Vitanzi vya mkono, mara nyingi bila kikomo |
| Kuachia kidhibiti | Fanksheni ipo, huenda haiitwi | Mara nyingi haipo kabisa |
| Marekebisho ya baadaye | Yanafuatika, kama chanzo kimetajwa | Kila moja ni kazi mpya |

## Kukompailika si kuhama

Draiva ya Linux imeandikwa ikijua kwamba haiko peke yake. Ikilala, kuna kazi nyingine itakayoshika prosesa. Ikisubiri, ukatizo utaiamsha. Ikikwama, tabaka la juu lina saa yake na litakuja kuuliza kulikoni. Ndani ya U-Boot hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Uzi ni mmoja, hifadhi haiendeshwi kwa ukatizo, na anayesubiri anachungulia rejista mwenyewe mpaka biti ibadilike.

Ili msimbo wa Linux ukubali kuingia, U-Boot ina faili la `compat.h` lenye majina ya Linux yaliyopewa tafsiri mpya. Kufuli za `spin_lock` humo ni tupu, na hilo si tatizo: hakuna wa kufungiwa nje. Hatari iko kwenye majina yasiyo tupu ambayo maana yake imebadilika. La kwanza ninalolitafuta, hata kabla ya kusoma maelezo ya kiraka, ni `dma_alloc_coherent`. Kwenye Linux jina hilo ni ahadi: kumbukumbu utakayopewa, prosesa na kifaa wataiona kwa namna moja, usihangaike na kashe. Kwenye U-Boot ya ARM, jina hilohilo hukupa kumbukumbu ya kawaida iliyoanzia kwenye mpaka wa mstari wa kashe. Kashe bado inaishika. Draiva iliyohamishwa huandika deskripta (maelezo ya kazi kwa kifaa) humo, huamsha kifaa, nacho kifaa husoma takataka kwa sababu deskripta zenyewe zimebaki ndani ya kashe. Hapo ndipo nguo ya kuazima inaposhindwa kusitiri. Mwandishi hajakosea mstari hata mmoja. Kila kitu ni sahihi, ila kule kilikotoka.

Hii ndiyo gharama halisi ya kukagua msimbo uliohamishwa. Kila mstari unaulizwa maswali mawili: bado uko hai? Na kama uko hai, maana yake ni ileile? Msimbo ulioandikwa upya unaulizwa moja tu, kama ni sahihi. Tuseme cha kwanza kina mistari elfu tatu na cha pili mia tano. Najua kipi nitakimaliza nikiwa bado makini, na nadhani wewe pia unajua.

## Kashe ndiyo mtihani wenyewe

Kama una saa moja tu ya kukagua draiva ya hifadhi, itumie yote hapa. Makosa ya rejista hujionyesha siku ya kwanza; ya kashe husubiri mpaka kompaila ibadilishwe, au mtu aongeze kigezo kimoja karibu na bafa (eneo la kupokelea data), ndipo yazuke kwenye bodi ya mtu mwingine.

Chukua tendo la kusoma, data ikitoka kwenye diski kuja kwenye kumbukumbu, kwenye chipu ambayo DMA haioni kashe ya prosesa. Kabla kifaa hakijaanza, mistari ya kashe inayofunika bafa lazima isafishwe (iandikwe kwenye kumbukumbu) au ibatilishwe (itupwe). Isipofanyiwa hivyo, mstari wenye data chafu unaweza kumwagwa kwenye kumbukumbu katikati ya kazi na kufuta kile kifaa kilichokwisha kuandika. Kifaa kikimaliza, bafa inabatilishwa tena, kwa sababu prosesa za kisasa hubashiri na zinaweza kuwa zimevuta mistari ya zamani wakati kifaa kinaandika. Viraka vingi vilivyoandikwa upya vina hatua ya pili tu. Vinapita majaribio, kwa kuwa bafa mara nyingi huwa safi kwa bahati.

Halafu kuna mipaka. Kwenye prosesa nyingi za ARM za biti 64 mstari wa kashe una baiti 64. Bafa ikianzia katikati ya mstari, kubatilisha kunaua kigezo cha jirani. Kusafisha kunarudisha takataka juu ya data iliyotoka diskini. Hakuna chaguo jema kati ya hayo mawili, ndiyo maana U-Boot yenyewe hulalamika kwenye konsoli kwa ujumbe wa `CACHE: Misaligned operation at range`. Ukiuona ujumbe huo kwenye rekodi za majaribio alizoambatisha mwandishi, usiendelee kusoma, rudisha kiraka. Sekta za baiti 512 hazileti shida mradi mwanzo umekaa sawa, maana 512 inagawanyika kwa 64. Mtego uko kwenye vitu vidogo. Rejista ya SCR ya kadi ya SD ina baiti 8 tu. Mwandishi akiitangaza kama safu ya kawaida kwenye staki, safu hiyo inagawana mstari wa kashe na anwani ya kurudi au kigezo chochote kilichokaribia. Ndiyo sababu kuna `ALLOC_CACHE_ALIGN_BUFFER`, na ndiyo sababu kuna bafa ya kupokezana kwa yale maombi ambayo mwombaji hakujali mpaka.

Foleni za NVMe zina sura yake. Ingizo la amri ni baiti 64, la majibu ni baiti 16, kwa hiyo majibu manne hukaa kwenye mstari mmoja wa kashe. Draiva ikifuta foleni ya majibu kwa `memset` mwanzoni na isiisafishe kashe, sifuri hizo zinaweza kumwagwa baadaye juu ya jibu halali. Kwa mtumiaji itaonekana kama diski iliyokataa kujibu. Angalia pia mpangilio: ingizo liandikwe, lisafishwe, ndipo kengele (rejista ya kukijulisha kifaa) ipigwe, na kizuizi cha kumbukumbu (amri inayolazimisha mfuatano) kiwepo kati ya mambo hayo.

Nani anashinda hapa? Kilichoandikwa upya, kwa umbali. Si kwamba waandishi wake ni makini zaidi, la. Ni kwamba `flush_dcache_range`, amri ya kusafisha kashe, ama ipo mbele ya macho yako ama haipo. Kwenye kilichohamishwa imefichwa ndani ya tabaka za `dma_map_single` na wenzake, na lazima uingie kwenye faili jingine kujua kila jina linafanya nini kwenye usanifu huu. Tahadhari kwa pande zote: x86 huweka DMA na kashe sawa kwenye maunzi, kwa hiyo draiva iliyojaribiwa huko tu haijathibitisha lolote kati ya haya.

## Kusubiri

Nahesabu vitanzi vyote vya `while` kwenye kiraka na kuuliza kila kimoja kitaisha vipi kifaa kikifa. Kwenye Linux aliyenaswa ni uzi mmoja. Kwenye butiloda ni bodi nzima, pengine haina hata skrini, na mwenye nayo hataambulia ujumbe wowote.

Makosa hapa yana umbo lake. Kuna kitanzi kinachohesabu mizunguko badala ya muda, ambacho kwenye prosesa yenye kasi zaidi huisha kabla kifaa hakijaamka. Kuna kile cha `while (timeout--)` kinachofuatwa na `if (!timeout)`: kitanzi kikiisha kwa kukosa, thamani ni hasi moja, kwa hiyo tawi la kosa halifikiwi kamwe na draiva inaendelea kana kwamba mambo ni shwari. Kuna kinachozunguka bila `udelay`, na kwa kuwa `udelay` ndiyo inayoihudumia saa ya ulinzi ya U-Boot, bodi inajizima na kuwaka tena na lawama zinaenda kwa diski. Dawa ya yote ni `readl_poll_sleep_timeout`: huhesabu muda, huita `udelay` kati ya usomaji, na ukipita husoma rejista mara moja zaidi kabla ya kutangaza kosa.

Kikomo chenyewe kitoke kwenye kiwango, kisitoke kichwani. NVMe hukitangaza: rejista ya CAP (ya uwezo wa kidhibiti) ina sehemu ya biti 8 inayotaja muda wa kusubiri kwa vipande vya milisekunde 500, kwa hiyo kinaweza kufika sekunde 127.5. Draiva yenye sekunde moja iliyokazwa ndani itakataa diski halali. Kadi za SD na eMMC huruhusiwa kuchukua hadi sekunde moja kumaliza kujiandaa. Kwenye msimbo uliohamishwa namba hizi huwa sahihi kwa sababu Linux ilishazipigania. Kilichobadilika ni njia ya kusubiri. Kwenye ulioandikwa upya ni kinyume chake, njia ni nyepesi kuifuata ila namba zimekisiwa. Hapa naona sare.

## Kilichoandikwa upya husahau nini

Sasa nikigeuzie kibao hicho ninachokipenda.

Draiva ya Linux ni ghala la malalamiko. Alama za `SDHCI_QUIRK` zipo kwa sababu kuna chipu inayodai kuweza kitu isichokiweza, nyingine rejista zake husomeka kwa biti 32 tu, nyingine haimalizi vizuri amri zenye jibu la aina ya R1b (kadi ikijibu kisha kubaki na shughuli). Anayeandika upya akiwa na bodi moja na kadi moja mezani hana habari na hayo. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwake si la msimbo: umesoma draiva ya Linux ya chipu hii, na ni alama zipi umeamua kuziacha, kwa nini? Akijibu kwa orodha, nimepata mwandishi. Akijibu kwamba kwake inafanya kazi, nimepata wiki ndefu.

La pili ni kupona baada ya kosa. Njia nyoofu huandikwa vizuri. Amri ikishindwa, draiva hurudisha msimbo wa kosa na kuondoka. Lakini kwenye SDHCI, baada ya kosa laini za CMD na DAT (za amri na za data) hubaki zimekwama mpaka uziwashe upya kupitia rejista iliyo kwenye 0x2F. Amri inayofuata inakufa kwa kosa la iliyotangulia. Na hili si jambo la nadra: hatua za kutambua aina ya kadi zinategemea amri kushindwa. Kadi ya eMMC haitajibu amri za SD, na ni sawa isijibu.

La tatu ni hesabu za biti 32. Namba ya bloku ikizidishwa kwa 512 ndani ya `unsigned int`, matokeo hufurika kuanzia bloku ya 8,388,608, yaani baada ya GiB 4. Kerneli huwa mwanzoni mwa diski, kwa hiyo majaribio hayafiki huko. Siku mtu atakapoweka kizigeu cha pili cha mfumo mbele zaidi, draiva itasoma kwa furaha kutoka mwanzo wa diski. Nadhani ni kosa baya kuliko kukwama, kwa sababu linarudisha data, na data hiyo ina sura ya kweli. Ndugu yake ni anwani ya DMA: kidhibiti chenye rejista ya anwani ya biti 32 na bodi yenye kumbukumbu iliyo juu ya GiB 4. Bafa za U-Boot zenyewe huenda ziko chini, ila mtumiaji akitaja anwani ya juu kwenye amri ya kusoma, biti za juu hukatwa kimyakimya.

## PIO, SDMA au ADMA2

Kiraka kilichoandikwa upya mara nyingi huja na PIO tu (prosesa ikihamisha data yenyewe, bila DMA), na wakaguzi wengine hukiona cha kizembe. Mimi sikioni hivyo, angalau si mara moja.

Fanya hesabu. Kerneli na diski ya kuanzia zikiwa pamoja MB 20, eMMC kwenye 52 MHz na laini 8 ina dari ya MB 52 kwa sekunde: kama sekunde 0.4. Kwenye HS200 (hali ya kasi kubwa ya eMMC) dari ni MB 200, sekunde 0.1. Hizo ni kasi za basi, kasi halisi iko chini yake. PIO haifiki hapo, kwa kuwa prosesa huvuta neno la biti 32 kwa zamu, mara 128 kwa kila sekta. Lakini haina kashe ya kukosea wala anwani ya kukatwa. Ndani ya SPL (hatua ya kwanza, ndogo, ya U-Boot), ambako SRAM (kumbukumbu ya ndani ya chipu) mara nyingi ni makumi au mamia ya kilobaiti na kwenye chipu nyingine kidhibiti hakiwezi hata kuifikia, PIO huwa jibu sahihi kabisa. Data inayosomwa hapo ni butiloda kamili tu, ambayo ni ndogo.

SDMA (DMA ya bafa moja mfululizo) ndiyo nisiyoipenda. Uhamisho husimama kila unapofika mpaka wa bafa, ambao kwa kawaida huwekwa KiB 512, na draiva lazima iandike anwani upya ili uendelee. Mpaka huo unahesabiwa kwa anwani wala hauhesabiwi kwa urefu, kwa hiyo hata usomaji mdogo ukiangukia juu ya mpaka utasimama. Draiva isiyojua hili inafanya kazi na kuacha kufanya kazi kulingana na mahali faili linapopakiwa. Nimeona mtu akibadilisha kadi tatu kabla ya kubadilisha anwani.

ADMA2 (DMA inayofuata orodha ya deskripta) ni safi zaidi kwa yeyote anayejali kashe, kwa sababu orodha ya deskripta ni kitu unachoweza kukichapisha na kukisoma. Angalia urefu: una biti 16, na sifuri humaanisha baiti 65,536. U-Boot hukata vipande vya 65,532 na kuondokana na utata huo. Kama kiraka kina ADMA2 na PIO, chukua. Kama kina SDMA peke yake, uliza kwa nini.

## Kuachia

Kidhibiti kikiachwa kikiendelea kuandika kwenye kumbukumbu baada ya kerneli kushika usukani, kitaharibu kitu ambacho si chako tena, na ripoti ya hitilafu itapelekwa kwa watu wa kerneli. Kila kiwango kina utaratibu wake wa kuaga. Kwenye AHCI unafuta biti ya ST (endesha) kisha unasubiri CR (inaendeshwa) ifutike. Kwenye NVMe unafuta EN (washa) na kusubiri RDY (tayari) irudi sifuri.

Hapa kilichohamishwa kina mtego ninaouona mzuri kwa ubaya wake. Kinakuja na fanksheni ya `remove` iliyokamilika, imenakiliwa vizuri kutoka Linux, mkaguzi anaiona na kuridhika. Lakini U-Boot, kabla ya kukabidhi mfumo, huita `remove` kwa zile draiva tu zilizojitangaza kwa alama za `DM_FLAG_OS_PREPARE` au `DM_FLAG_ACTIVE_DMA`. Bila alama hiyo fanksheni imekaa tu. Kwenye EDK II (msimbo huria wa programu dhibiti ya UEFI) mantiki ni hiyohiyo kwa jina jingine: draiva ijisajili kwenye tukio la `ExitBootServices`.

Kadi za SD zina la ziada. Kadi ikishahamia ishara za volti 1.8 kwa ajili ya kasi kubwa, hairudi kwenye 3.3 mpaka ikatiwe umeme. Bodi isiyo na swichi ya umeme wa kadi, ikiwashwa upya bila kuzimwa, ROM yake (msimbo wa kwanza ndani ya chipu) inaikuta kadi isiyojibu. U-Boot ina `mmc_deinit` ya kushusha kasi kabla ya kuondoka, lakini kadi haishuki volti kwa kuombwa, kwa hiyo usimruhusu mwandishi kuwasha hali za UHS (hizo za kasi kubwa) kabla hajakuonyesha kwenye mti wa vifaa (faili linaloeleza maunzi ya bodi) ni nani anayekata umeme huo.

## Pale kuhamisha kunaposhinda

NAND ghafi. Ukurasa wa baiti 2048 una baiti 64 za pembeni, na humo ndimo zinamokaa baiti za kurekebisha makosa na alama ya bloku mbovu. Ziko wapi hasa, zina nguvu ya kurekebisha biti ngapi, zimepangwa kwa mfuatano gani: yote hayo ni makubaliano kati ya aliyeandika na atakayesoma. Butiloda ikiwa na mpangilio wake na kerneli ikiwa na wake, kila mmoja peke yake ni sahihi, na pamoja hawasomani. Kerneli itaona kurasa zilizojaa makosa yasiyorekebishika juu ya chipu iliyo nzima. Hapa uzuri wa msimbo hauna thamani. Kinachotakiwa ni kufanana, hata kwenye makosa. Ndiyo maana tabaka la MTD (la chipu za flashi ghafi) la U-Boot lenyewe limetoka Linux.

Leseni inaweza kukumalizia ubishi. Linux ni GPL-2.0 na U-Boot iko kwenye familia hiyo, kwa hiyo kuhama kunaruhusiwa mradi vichwa vya SPDX (vinavyotaja leseni) vibaki. EDK II hutumia BSD-2-Clause-Patent. Huko msimbo wa Linux hauingii, na mwandishi aliyeandika upya huku akinakili kutoka kwenye dirisha la pili amekuletea tatizo ambalo kipimo chochote cha bodi hakitalionyesha.

## Diski isiyoaminika, na mahali pa kujaribia

Draiva hii inaendeshwa kabla sahihi ya kerneli haijathibitishwa. Kila namba inayotoka kwenye kifaa ni ya mgeni. NVMe husema ukubwa wa sekta kama kipeo cha mbili. Diski ikisema 40, draiva inayosogeza biti bila kuangalia imeshapotea. Tisa hadi kumi na mbili hutosha kwa diski za kawaida, nje ya hapo kataa. Pande zote mbili hulisahau hili kwa usawa.

QEMU, kiigizaji cha mashine, nitaisifu kwa kifupi. Ina NVMe, ina AHCI, ina SDHCI, na inakuruhusu kujaribu njia za makosa bila kuunguza kitu. Ila haiigi kashe ya data. Kiraka chenye ushahidi wa QEMU peke yake hakijagusa sehemu ndefu kuliko zote ya ukaguzi huu, kwa hiyo omba bodi halisi ambayo DMA yake haijasawazishwa na kashe, na usomaji wa ukubwa usio wa kawaida kwenda anwani isiyokaa kwenye mpaka. Kiwe kilichohamishwa au kilichoandikwa upya, jaribio hilo moja huchuja zaidi kuliko nusu saa ya kusoma kwa macho.

Kama baada ya yote umeamua kukubali kilichohamishwa, mwombe mwandishi akigawe. Kiraka cha kwanza kiwe nakala ya faili la Linux bila kuguswa, kikitaja toleo au komiti (rekodi ya badiliko la msimbo) lilikotoka. Cha pili kiwe mabadiliko yote yaliyofanywa ili likubali butiloda. Draiva ya UFS (aina nyingine ya hifadhi ya flashi) ya U-Boot inataja juu ya faili kwamba ilitoka Linux 5.2, na kwa sababu hiyo mtu yeyote anaweza leo kuweka mafaili mawili sambamba na kuona nini kimerekebishwa upande mmoja na bado hakijafika wa pili. Na kama umeamua kukubali kilichoandikwa upya, omba kitu kimoja kabla ya kubonyeza: orodha ya zile alama za kasoro alizoziacha, iwe kwenye maelezo ya komiti, maana ndipo mtu wa bodi inayofuata atakapoanzia kutafuta.